Migongo Iliyopakua Mabehewa ya Mwanza Kusini

Kutoka Butimba kwenda Mwanza mjini, barabara hupita Mkuyuni na Igogo, ziwa likiwa mkono wa kushoto. Kati ya lami na maji kuna maghala, viwanda na reli, na abiria wengi wa daladala huvipita bila kugeuza shingo. Hapo ndipo ilipo bandari ya Mwanza Kusini. Hapo pia, kwa miongo mingi, mahindi, mtama na mchele vimekuwa vikiteremshwa kutoka kwenye mabehewa gunia moja baada ya jingine, kwa mgongo wa binadamu.

Historia ya Mwanza husimuliwa kwa pamba, kwa meli na kwa ushirika. Jina la Paul Bomani, aliyewaunganisha wakulima wa Kanda ya Ziwa mpaka kikazaliwa chama kikuu cha Victoria Federation mwaka 1955, linajulikana kwa kila anayejua habari za uhuru. Meli ya MV Victoria ina wapenzi wake hadi leo. Makuli waliobeba magunia hayo hawana ukurasa. Ni pengo kubwa, kwa sababu bila wao hakuna debe moja la mahindi lililotoka kwenye reli likafika sokoni.

Kazi ya kubeba ni ya zamani kuliko reli yenyewe. Katika karne ya 19 Wanyamwezi na jamaa zao Wasukuma walikuwa uti wa mgongo wa misafara iliyokwenda pwani na kurudi. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa wa frasila mbili hivi, kama kilo 30 na ushei, mbali na mkeka wake, sufuria na chakula cha njiani. Wapagazi walikuwa na desturi zao za kazi, viongozi wao na namna yao ya kugoma mzigo ulipozidi. Mpagazi aliyeona amepakiwa kupita kiasi aliutua chini, na msafara wote ukasimama. Habari hiyo ni ya kukumbuka, maana wajukuu wao walikuja kubebeshwa mara tatu ya uzito ule.

Wajerumani walijenga kituo chao Mwanza mwaka 1892. Reli ya kwanza kulifikia ziwa ilikuwa ya Waingereza upande wa Kenya, iliyofika Kisumu mwaka 1901, na tangu hapo bidhaa za Mwanza zikawa zinavuka maji kwenda Kisumu na kuteremka hadi Mombasa. Mambo yaligeuka mwaka 1928, reli kutoka Tabora ilipofika Mwanza baada ya safari ya kilomita zipatazo 380. Mji ukapata njia yake wenyewe ya kwenda Dar es Salaam, na kazi mpya ikazaliwa ufukweni: kuhamisha mzigo kati ya behewa, ghala na meli.

Safari ya nafaka ilianzia mbali na reli. Usukumani mkulima alipura mtama wake uwanjani, akapepeta, akajaza magunia na kuyapakia kwenye mkokoteni wa ng'ombe. Nchi ile imezoea majembe na mikokoteni ya kukokotwa kuliko sehemu nyingi za Tanzania. Mkokoteni ulifika kwenye ghala la chama cha msingi, lori likachukua kutoka hapo hadi stesheni kama Malampaka au Malya, na behewa likamalizia. Wakati wa njaa safari iligeuka: mahindi yalitoka kusini au nje ya nchi, yakapanda reli kuja ziwani. Kwa vyovyote, mwisho wa reli kulikuwa na mlango wa behewa na watu wanaosubiri nje yake.

Behewa lilifika limefungwa lakiri. Karani alisoma namba za lakiri, akazilinganisha na karatasi za safari, na zikipatana ndipo ilipokatwa. Lakiri iliyovunjika njiani ilikuwa kesi, na kesi ya namna hiyo iliweza kuwasimamisha makuli nusu siku bila malipo. Mlango ulipovutwa, joto lilitoka kwanza, kisha vumbi. Mahindi yaliyowekwa dawa ya wadudu yalikuwa na vumbi lake linalokaba koo, na mzee wa kazi hakumruhusu kijana kukimbilia ndani kabla behewa halijapumua.

Kundi lilijigawa. Wawili waliingia ndani ya behewa na kazi yao ilikuwa kuinua. Walishika gunia kwa pembe zake nne, wakalipandisha kwa mkupuo mmoja na kulilaza kwenye mgongo wa mwenzao aliyeinama mlangoni. Mbebaji alitoka akipita juu ya ubao, magoti yamekunjwa kidogo, akienda mbio fupi fupi, kwa kuwa gunia zito huumiza zaidi anayetembea polepole. Ghalani walikuwepo wapangaji waliolipokea na kulilaza juu ya chaga, safu moja wima na inayofuata kwa kulala, ili ukuta wa magunia ujishike wenyewe usije ukamporomokea mtu. Karani alisimama katikati ya njia na daftari: mistari minne, wa tano ukiikata.

Vifaa vilikuwa vichache. Ndoano ya chuma, inayotumika sana bandarini kwa marobota, haikutakiwa kwenye nafaka kwa sababu hutoboa gunia. Bambo lilikuwa mkononi mwa mnunuzi au mkaguzi. Aliuchoma ubavu wa gunia kwa bambo hilo, punje zikateremka kwenye mfereji wake, akaona kama katikati kuna unyevu, mchanga au fukusi. Shazia, sindano nene ya magunia, na uzi wa katani vilishona palipochanika. Fagio lilikuja mwisho, na kazi hiyo mara nyingi ilikuwa ya akina mama, waliookota punje zilizomwagika chini ya behewa na kuzipepeta kwa ungo. Familia kadhaa zilikula kutokana na kilichodondoka.

Hesabu yake ni rahisi na inatisha. Behewa la mizigo la reli yetu ya kati hubeba hadi tani 40, yaani magunia 400 ya kilo 100. Kundi la watu kumi likiweka wawili ndani na wawili ghalani, hubaki wabebaji sita, na kila mmoja hupitisha mgongoni magunia 66 au 67. Hizo ni zaidi ya tani sita na nusu kwa mtu mmoja, katika behewa moja.

Uzito wa gunia haukushuka kutoka mbinguni. Wakati wa ukoloni gunia la mahindi Afrika Mashariki lilikuwa la ratili 200, sawa na kilo 90. Baadaye kipimo cha kilo 100 kikazoeleka, na biashara huria ilipokuja ikazidisha kwa lumbesa, kilemba cha nafaka kinachoshonwa juu ya gunia lililokwisha kujaa. Sheria ya Vipimo inakataza kuzidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo hupiga vita lumbesa kila msimu. Mjadala huo kila mara unahusu mfuko wa mkulima anayepunjwa, na ni haki kabisa. Ila lumbesa ina mtu wa pili anayeumia, naye hatajwi. Mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza mwanamume mzima asibebe kwa mikono mzigo unaozidi kilo 55. Kuli wa Mwanza Kusini alikuwa akibeba karibu mara mbili ya kiasi hicho, na hakuna aliyeona ajabu.

Makuli hawakuwa watu wa kunyamaza. Mwaka 1947 wenzao wa bandari ya Dar es Salaam waligoma wakidai malipo bora, na mgomo ukasambaa kwa kufuata reli hadi miji ya bara. Reli iliyobeba magunia ilibeba pia habari. Mwaka 1960 wafanyakazi wa reli wenyewe waligoma kwa zaidi ya siku 80, mmoja wa migomo mirefu kuliko yote ya Tanganyika. Mabehewa yaliyosimama yalionyesha wazi ni nani hasa aliyekuwa akiyaendesha.

Katikati ya miaka ya 1960 ilikuja meli iliyobadilisha kazi. MV Umoja, na baada yake MV Uhuru, zilitengenezwa zikiwa na reli juu ya sitaha. Behewa lilisukumwa kutoka nchi kavu likaingia melini pamoja na mzigo wake, likavuka ziwa, likatoka Kisumu, Jinja au Port Bell bila gunia kuguswa. Kabla ya hapo nafaka ya kwenda Uganda iliteremshwa Mwanza, ikapakiwa melini, ikateremshwa tena ng'ambo na kupakiwa kwenye behewa jingine: migongo minne kwa gunia moja. Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki lilipunguza hiyo yote kwa mkupuo. Kwa wafanyabiashara ilikuwa neema. Kwa makuli ilimaanisha siku chache zaidi za kazi, ingawa mzigo wa Mwanza yenyewe ulibaki wao.

Kisha ikaja miaka ya Shirika la Usagishaji la Taifa, NMC. Baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967 vinu vikubwa vilitaifishwa, na kufikia katikati ya miaka ya 1970 NMC ilikuwa ndiyo mnunuzi, msafirishaji na muuzaji wa nafaka ya nchi nzima. Ukame wa 1973 na 1974, ukijumlishwa na vurugu za kuhamia vijijini, ulilazimisha serikali kuagiza mamia ya maelfu ya tani za chakula kutoka ng'ambo. Wakati wa shida za namna hiyo yalikuja mahindi ya njano ya Marekani. Unga wake wananchi waliuita unga wa yanga, kwa rangi ya jezi za Young Africans, na wapo wazee ambao hadi leo hawataki kuuona.

Mahindi ya kigeni hayakuja peke yake. Mwaka 1981 mkoani Tabora wataalamu walimtambua mdudu mpya ghalani, asili yake Mexico na Amerika ya Kati, na inaaminika aliingia na shehena ya mahindi kutoka huko. Wakulima walimwita dumuzi, wengine skania. Alisafiri kama magunia yalivyosafiri, njia kuu ya biashara hadi njia ndogo ya kijiji. Kwa Mwanza na Ukerewe alikuwa balaa maradufu, kwa sababu hali mahindi tu. Anatafuna pia muhogo mkavu, yaani udaga, na huo ndio uliokuwa akiba ya kaya nyingi mvua inapokataa.

Baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977, reli iligawanywa na kuanza kuchoka. Malori yakachukua nafaka, NMC ikapoteza ukiritimba wake na mwishowe shughuli zake, maghala mengine yakabadilishwa matumizi. Mwaka 2018, baada ya takribani muongo mmoja wa ukimya, MV Umoja ilivuka tena hadi Port Bell ikiwa na mabehewa, na miongoni mwa waliohitaji njia hiyo sana ni Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, lenye chakula cha wakimbizi walioko Uganda. Mifuko sasa ni ya salfeti na ya kilo 50. Juni 2021 ujenzi wa reli ya kisasa kati ya Mwanza na Isaka, kilomita 341, ulizinduliwa Fela, Misungwi. Shinyanga nako vimejengwa vihenge vya chuma vya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, ambamo nafaka humiminwa na kupandishwa kwa mashine.

Kazi inayopotea inaweza kukumbukwa kwa vitendo. Huko Rantul, jimbo la Illinois nchini Marekani, tangu 2003 wakulima hukusanyika kila baada ya miaka miwili kuonyesha mavuno ya zamani kwa vitendo. Gari la mahindi yasiyopukuchuliwa husogezwa, upande wake wa mbele huinuliwa kwa mashine kuukuu, mahindi hutiririka nyuma na kupandishwa ghalani kwa mnyororo. Wazee waliofanya kazi hiyo husimama kando wakiwaeleza vijana kila chuma kilifanya nini.

Kwetu, maonyesho ya wakulima ya Nane Nane ya Kanda ya Ziwa, Nyamhongolo au Nyakabindi, huonyesha matrekta mapya na mashine za kupukuchua, na hilo ni jema. Ingefaa pawepo pia mahali pa behewa moja la zamani, mizani, bambo, shazia na ubao, na pa makuli wastaafu wa Igogo, Mkuyuni na Butimba kuonyesha gunia linavyoinuliwa bila kuvunja kiuno. Kijana wa miaka 20 aliyeanza kazi MV Umoja ilipoanza safari zake leo anakaribia au amevuka miaka 80. Chuo cha Ualimu Butimba, kinachofundisha muziki na sanaa, kipo umbali mfupi kutoka Mwanza Kusini, na wanafunzi wake wangeweza kuanza na maswali ya kawaida kabisa: nani alikuwa kiongozi wa kundi, fedha ya behewa iligawanywaje, ziliimbwa nyimbo gani, na mtu alipoangukiwa na gunia, nani alilipia matibabu yake.