Kutoka Marudio hadi Mchanganyiko: Historia ya Mazoezi ya Mruko katika Jimnastiki ya Midundo

Jimnastiki ya midundo, yaani mchezo wa kufuata muziki kwa kutumia kamba, pete, mpira, virungu au utepe, ilipata sura yake katika Umoja wa Kisovieti, hususan baada ya shule ya juu ya miondoko ya kisanaa kuanzishwa mwaka 1934 katika Taasisi ya Lesgaft mjini Leningrad. Kwa kuwa sehemu kubwa ya misingi yake ilitokana na baleti, mruko nao ulifundishwa kwa desturi ya baleti: kukunja magoti, kujiinua, kutua kwa ulaini, kisha kurudia tendo lile lile mpaka mwili ulizoee.

Mashindano ya kwanza ya dunia yalifanyika Budapest mwaka 1963, na mchezo huo ukaingia katika Olimpiki ya Los Angeles mwaka 1984. Wakati huohuo riadha ilikuwa imekwisha kuzaa mbinu nyingine, kwani katika miaka ya 1960 Yuri Verkhoshansky wa Moscow alieneza mruko wa kushuka, ambapo mwanariadha hujiachia kutoka juu ya kisanduku, hugusa sakafu na papo hapo huruka juu, ili misuli iliyovutwa wakati wa kutua itoe nguvu iliyohifadhi kabla haijapotea.

Msukumo mwingine, wa kuchanganya mazoezi badala ya kurudia tendo moja, ulitoka kwa watafiti wa ujifunzaji wa miondoko. Mwaka 1978 Robert Kerr na Bernard Booth waliwapa watoto vifuko vidogo wavirushe kwenye shabaha, na watoto wa miaka minane waliofanya mazoezi kwa umbali wa futi 2 na futi 4 wakawashinda, katika umbali wa futi 3, wenzao waliokuwa wamezoea futi hizo 3 pekee. Mwaka uliofuata John Shea na Robyn Morgan walionyesha kwamba waliochanganya miondoko mitatu ya mkono walijifunza polepole kuliko waliomaliza mmoja kabla ya kuanza mwingine, lakini siku 10 baadaye ndio waliokumbuka vizuri zaidi.

Mwaka 1998 Mark Hutchinson na wenzake walichapisha matokeo ya mwezi mmoja wa mazoezi ya bwawani na ya Pilates, mfumo wa kuimarisha misuli ya kiwiliwili, kwa kikundi kidogo cha wanajimnastiki wa kiwango cha juu, ambao kimo cha mruko wao kiliongezeka kwa asilimia 16.2. Hata hivyo marudio hayakutupwa, kwa sababu waamuzi hudai umbo kamili la msamba hewani, na umbo hilo hujengwa kwa kurudia; bali mchanganyiko ulipata nafasi yake kwa kuwa katika uwanja wa mita 13 kwa 13 mruko hufanywa mkono ukiongoza utepe au ukisubiri mpira, baada ya mzunguko au mbio fupi, katika hali ambazo zoezi la namna moja haliwezi kumwandaa mchezaji kuzikabili zote.