Chungu-tamu: Hisia Mbili, Sababu Moja

Katika sherehe ya kumuaga binti, mama mzazi huweza kuwa anacheza na wenzake, sare yake ya kitenge imemkaa vizuri, mara machozi yakamtoka katikati ya wimbo. Mwanamke aliye karibu atamshika mkono na kumwambia, "Nyamaza, mwenzangu, leo ni siku ya furaha." Ni kweli, ni siku ya furaha. Lakini binti anayepata mwenza ndiye huyohuyo anayeondoka nyumbani, na mama anayajua yote mawili. Kiingereza hali kama hii huiita bittersweet. Je, kwa Kiswahili tuiiteje bila kuipunguza?

Neno hilo limeunganisha ladha mbili, chungu na tamu, na muungano huo ni wa kale kuliko Kiingereza chenyewe. Sappho, mshairi wa Kigiriki wa kisiwa cha Lesbos aliyeishi zaidi ya miaka 500 kabla ya Kristo, aliyaeleza mapenzi kwa neno moja lenye ladha zote mbili, ila yeye alitanguliza utamu. Mmea ambao wanabotania huuita Solanum dulcamara, jamaa ya mnavu na nyanya, nao umebeba tamu na chungu katika jina lake la Kilatini. Waokaji hulitumia neno la Kiingereza kwa chokoleti yenye kakao nyingi na sukari kidogo. Katika mimea na vyakula mfasiri hapati taabu. Taabu huanza neno linapohamia moyoni.

Kwanza tujue kinachotajwa. Wataalamu wa saikolojia wamebishana kwa muda mrefu kama mtu anaweza kufurahi na kuhuzunika kwa wakati mmoja. James Russell, katika kielelezo alichokichapisha mwaka 1980, aliziweka raha na karaha kwenye ncha mbili za mstari mmoja: ukiisogelea hii, unaiacha ile. Kwa mtazamo huo, mama wa bibi harusi hana hisia mbili. Anayumba upesi kutoka moja hadi nyingine.

Mwaka 2001 Jeff Larsen, Peter McGraw na John Cacioppo walichapisha utafiti uliolijaribu jambo hilo katika maisha ya kila siku. Waliwauliza watu waliotoka kutazama filamu ya La vita è bella, ambamo baba anamfichia mwanawe ukatili wa kambi ya Wanazi kwa kuugeuza kuwa mchezo. Waliwauliza pia wanafunzi wa chuo siku ya kuhama bweni, na wengine siku ya mahafali. Siku za kawaida ni wachache waliosema wana furaha na huzuni kwa pamoja. Siku hizo za kuagana, idadi yao ilipanda sana. Mwaka 2007 Larsen na wenzake walitoa matokeo mengine: watoto wa miaka 5 hadi 12 walionyeshwa kipande cha katuni ya The Little Mermaid, pale mfalme anapoagana na binti yake anayeolewa. Wakubwa walikiri hisia mbili kwa pamoja zaidi kuliko wadogo. Kumbe uwezo huu hukua na umri. Anayelia huku anacheza harusini hajapungukiwa na akili wala na shukrani. Moyo wake umekomaa.

Na kwa nini kuagana? Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 na Hal Ersner-Hershfield, Laura Carstensen na wenzao ulionyesha kwamba mtu akitambua kuwa jambo lenye maana kwake linafikia mwisho, hisia hizi mbili hukutana. Waislamu wa Pwani wanalijua hili kila mwaka katika kumi la mwisho la Ramadhani. Idi inasubiriwa kwa hamu, nguo mpya zimeshashonwa, na bado mtu anauonea huzuni mwezi unaokwenda zake, kwani hana hakika kama ataukuta tena.

Kwa hiyo istilahi hii ina masharti matatu: moyo mmoja, wakati mmoja, sababu moja. Kwa masharti hayo tunaweza kupima maneno tuliyo nayo.

Magazeti na redio za Kenya hupenda kusema "hisia mseto". Ni msemo mzuri, kwa kuwa katika mseto wa wali na choroko kila punje hubaki na umbo lake ingawa chungu ni kimoja. Lakini katika habari, msemo huo mara nyingi humaanisha kwamba watu wametofautiana: hawa wameshangilia uamuzi, wale wameupinga. Hapo kuna mioyo mingi, kila mmoja na hisia yake. "Machozi ya furaha" nayo hayafiki, kwa kuwa machozi yapo lakini hisia ni moja tu. Na mtu anayetaka kukubali na kukataa kwa pamoja, hali ambayo daktari wa Uswisi Eugen Bleuler aliipa jina la ambivalensi, yuko njia panda, anatakiwa kuamua. Mama wa bibi harusi hana la kuamua.

Lililobaki ni "chungu-tamu", na fasihi yetu ilishalifungulia mlango: Theobald Mvungi aliita diwani yake Chungu Tamu. Linganisha na riwaya ya Said Ahmed Mohamed, Asali Chungu. Katika jina hili la pili asali ndiyo nomino, na uchungu umeingia kuiharibu. Katika lile la kwanza ladha mbili zimekaa bega kwa bega, hakuna iliyo mtumwa wa mwenzake. Ndiyo sababu "uchungu mtamu" na "utamu mchungu" hazitoshi: kila moja imemteua bwana.

Tena "chungu" yetu ina kina ambacho neno la Kiingereza halina. Uchungu ni ladha ya kwinini, ni maumivu ya mwanamke anayejifungua, na ni upendo wenye wajibu, kama tunaposema mtu ana uchungu na nchi yake. Wahenga wakasema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Katika Kiswahili, uchungu umeshabeba mapenzi kabla utamu haujatajwa.

Sarufi inadai uangalifu. "Siku chungu-tamu" na "habari chungu-tamu" zinakubali bila shida, maana ngeli ya nomino hizo haidai kiambishi. "Ushindi mchungu-mtamu" unakwaza ulimi. Afadhali "ushindi wenye uchungu na utamu". Kistari nacho kisiachwe, maana chungu ni pia chombo cha kupikia.

Mtu akitaka kueleza hali hii kwa kitenzi, Kiswahili kimempa "huku". Ukisema "nafurahi lakini nahuzunika", neno "lakini" limeipunguza furaha. Ukisema "mara nafurahi, mara nahuzunika", umezipa hisia zamu. "Nafurahi huku nahuzunika" inaziacha zote mbili nzima, kwa wakati mmoja. Mtoto anayepelekwa shule ya bweni akifundishwa sentensi hiyo, atakuwa na njia ya kusema ukweli wake bila kuonekana hana shukrani.

Waandishi wa habari wabaki na "hisia mseto" pale watu wanapogawanyika, na watumie "chungu-tamu" pale moyo mmoja unapobeba yote. Sisi wengine, tukimwona mama analia siku ya kumuaga bintiye, tusimnyamazishe. Huzuni yake haimnyang'anyi binti baraka. Imetoka kwenye pendo lilelile linalomchezesha.