Kutoka Chenga hadi Kuganda: Ubora wa Picha za Televisheni Nchini Tanzania

Historia ya chombo aghalabu huhifadhiwa katika maneno ya wale wanaokitumia. Televisheni nchini Tanzania ni mfano mmojawapo. Zanzibar ilikuwa na kituo cha rangi tangu miaka ya 1970. Tanzania Bara ilingoja hadi mwaka wa 1994, vituo vya watu binafsi vilipoanza kurusha matangazo jijini Dar es Salaam.

Matangazo hayo yalikuwa ya analojia. Nguvu ya wimbi yenyewe ndiyo iliyobeba picha, hivyo kila kilichovuruga wimbi kilivuruga na picha. Mtazamaji aliye mbali na mnara aliona vitone vikicheza kiooni, akaviita chenga, jina la punje za mchele zilizovunjika. Jengo refu au kilima kikirudisha wimbi, kila mchezaji wa mpira alifuatwa na kivuli chake. Hata hivyo, picha ilififia kidogo kidogo, na mara nyingi sauti ilibaki.

Mnamo Juni 2006, mjini Geneva, mataifa ya Afrika, Ulaya na Mashariki ya Kati yalikubaliana kuhamia dijitali, na tarehe 17 Juni 2015 ikawekwa kuwa kikomo. Tanzania haikungoja siku hiyo. Tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam, na miji mingine ikafuata mwaka wa 2013. Ndipo neno king'amuzi, kutokana na kitenzi -ng'amua, lilipoenea majumbani.

Jina hilo lilifaa. Katika dijitali picha hugeuzwa kuwa tarakimu, pamoja na tarakimu za ziada za kusahihishia makosa. Makosa yakiwa machache, king'amuzi huyasahihisha, chenga na vivuli vikatoweka. Yakizidi kiwango, picha hukatika vipande vya mraba, huganda, kisha hutoweka pamoja na sauti. Hakuna kufifia, ni kama kufika ukingoni mwa genge.

Kwa hiyo ubora una maana mbili: uzuri wa picha na uhakika wa kuipata. Aliye karibu na mnara alipata vyote viwili. Aliye pembezoni, aliyezoea kusikiliza taarifa ya habari nyuma ya chenga, aliweza kubaki na kioo cheusi. Uhamaji wowote wa namna hii hauna budi kupimwa kwanza huko pembezoni.