Uwanja Uliotenga Mji

Wiki iliyopita nilikuwa mgeni jijini Dar es Salaam, nikaamua kuutazama mji kwa miguu. Nilianzia Boma la Kale karibu na bandari, lililojengwa enzi za Sultani Majid wa Zanzibar, miaka ya 1860. Nikapita Uzunguni, penye majumba ya Wajerumani yenye kuta nene na baraza pana. Nikaingia Uhindini, duka chini, makazi juu. Mara nikatokea Mnazi Mmoja, uwanja mtupu.

Nilidhani ni mahali pa kupunga upepo. Kumbe palikuwa mpaka. Wajerumani, na baada yao Waingereza, waliugawa mji katika kanda tatu kwa aina ya nyumba: za Kizungu upande wa bahari, za miti na udongo upande wa bara. Sheria ilitaja ujenzi, lakini kila mtu alijua mahali pake. Uwanja ukaachwa wazi katikati.

Nikauvuka, na kwa dakika chache nikawa Kariakoo, jina litokanalo na Carrier Corps, wapagazi wa Kiafrika wa Vita Kuu ya Kwanza. Soko lake, kazi ya msanifu wetu Beda Amuli, lilifunguliwa 1975, likaungua 2021.

Leo nyumba za zamani zinabomolewa pande zote mbili. Sawa, mji lazima ukue. Lakini tusipowaonyesha watoto wetu mpaka ulikokuwa, nao watadhani uwanja ule uliachwa kwa ajili ya upepo, kama nilivyodhani mimi.