Walinzi wa Kura katika Ufilipino

Mara nyingi tunasikia watu wakisema: «Mimi mtu mdogo, nitawezaje kuzuia wizi wa kura? Hiyo ni kazi ya wakubwa.» Basi, tuangalie mambo yaliyotokea katika nchi ya Ufilipino mwaka 1986. Huko walimu, wanafunzi, masista na wachuuzi walilinda kura kwa kalamu na karatasi.

Ufilipino ni nchi ya Asia yenye visiwa zaidi ya 7,000, na watu wake walio wengi ni Wakatoliki. Udanganyifu haukuwa mgeni kwao. Baada ya uchaguzi wa mwaka 1949 watu walisema kwa mzaha kwamba huko Lanao hata ndege na nyuki walipiga kura. Kwa hiyo mwaka 1951 raia walianzisha shirika la kulinda uchaguzi, wakaliita Namfrel. Baadaye shirika hilo likalala.

Rais Ferdinand Marcos alianza kutawala mwaka 1965, na mwaka 1972 akaiweka nchi chini ya sheria ya kijeshi. Mwezi wa Agosti 1983 mpinzani wake mkubwa, Benigno Aquino, alipigwa risasi akafa katika uwanja wa ndege wa Manila. Mwaka ule ule raia waliiamsha Namfrel, wakiongozwa na mfanya biashara Jose Concepcion. Halafu Marcos aliitisha uchaguzi wa tarehe 7 Februari 1986. Corazon Aquino, mjane wa yule aliyeuawa, akashindana naye.

Watu wapata 500,000 walijitolea kuisaidia Namfrel. Kazi yao ilikuwa nini? Kwanza, kusimama katika vituo tangu asubuhi na kutazama. Pili, kubaki pale mpaka kura zihesabiwe, maana mwizi wa kura hupenda giza. Tatu, kupokea nakala ya hati ya matokeo ya kila kituo. Hesabu hizo zilipelekwa Manila, katika shule ya La Salle Green Hills, zikajumlishwa mbele ya macho ya watu. Mahali penye hatari, mapadri na masista waliketi karibu na masanduku, pasipo silaha yo yote.

Kazi hiyo haikuwa rahisi. Wapiga kura wengi hawakukuta majina yao katika daftari. Penginepo masanduku yalinyang'anywa. Tarehe 11 Februari Evelio Javier, aliyekuwa zamani gavana wa Antique na kiongozi wa upande wa Aquino huko, aliuawa mchana kweupe.

Hapo hesabu mbili zikaonekana. Tume ya serikali ilimpa Marcos ushindi wa kura zaidi ya milioni 1 na nusu. Namfrel, iliyopata hati za vituo kama 70 kwa 100, ilimwonyesha Aquino akiwa mbele. Nani asadikiwe? Tarehe 9 Februari wafanya kazi 35 wa mashini za kompyuta za tume yenyewe waliondoka kazini, kwa sababu tarakimu zilizotangazwa hazikulingana na zile walizoziona wao. Walikimbilia kanisa la Baclaran. Siku chache baadaye maaskofu wa nchi walisema kwamba serikali inayoshika madaraka kwa udanganyifu haina msingi wa haki, wakawaomba watu wapinge pasipo kumwaga damu.

Bunge lilimtangaza Marcos kuwa mshindi. Lakini tarehe 22 Februari wakubwa wawili wa jeshi walimwacha, na Kadinali Jaime Sin akawaita watu, kwa Radio Veritas, waende kuwakinga. Watu wengi sana walijaza barabara wakasimama mbele ya vifaru. Tarehe 25 Februari Marcos aliikimbia nchi.

Nasi katika Kongo tumeonja kazi hiyo. Tarehe 30 Desemba 2018 maaskofu wetu walituma watazamaji karibu 40,000. Januari 2019 walisema kwamba matokeo yaliyotangazwa hayakulingana na habari walizokusanya. Lakini tume haikuwatangazia watu hesabu ya kila kituo kimoja kimoja, na matokeo yale yakathibitishwa na mahakama.

Wasomaji wapenzi, hapa pana fundisho. Neno «tumeibiwa» halitoshi, maana hata aliyeshindwa kwa haki huweza kulisema. Kinachohitajika ni hati ya kituo, iliyoandikwa na walioona, iliyotiwa sahihi, na iliyo wazi kwa watu wote. Yule mwalimu wa kijijini aliyekaa usiku karibu na sanduku hakujua kama kituo chake kitageuza jambo. Alijua tu hesabu aliyoiona, akaiandika vile ilivyo. Haba na haba hujaza kibaba. Siku ya kura ikifika kwetu, tusirudi nyumbani mara tu baada ya kutumbukiza karatasi zetu. Tungoje hesabu.