Gumegume na fataki

Gumegume na fataki ni njia mbili zilizotumika kuwasha baruti katika korofindo, bunduki za kushindiliwa mdomoni zilizofika Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika, pamoja na misafara ya pembe kutoka Bagamoyo, kupitia Tabora, katika karne ya 19.

Kwenye gumegume, jiwe lililobanwa na mtambo hugonga chuma, cheche zikaangukia baruti kidogo iliyo kisahanini, na moto ukapenya tunduni hadi ndani ya mtutu. Mvua ya masika ikilowesha kisahani, bunduki huwa gongo tu. Fataki, kikofia cha shaba chenye kemikali inayolipuka ikigongwa, ilivumilia unyevu na kuwahi kulipuka. Lakini ilitoka ng'ambo, na ikiisha ziwani hakuna mbadala, ilhali jiwe hutumika mara nyingi. Kwa mwenye safari ndefu, jiwe halikuwa chaguo la kijinga.

Kwa njia yoyote iliyowashwa, baruti nyingi iliteketea kwa salamu: Novemba 1871 watu wa mwandishi wa habari Stanley waliingia Ujiji wakifyatua bunduki hewani. Baadaye, Mkataba wa Brussels wa 1890, wa kupinga biashara ya watumwa, ulibana silaha za fataki, ukaacha mlango wazi kwa gumegume.