Vita Viliisha, Kwao Hakukuwapo

Ziwa Victoria, tunamovua samaki hapa Musoma, ndilo lililokuwa mbele ya wakimbizi wa Poland waliowekwa Koja, Uganda, wakati wa Vita Kuu ya Pili. Wenzao wapatao 5,000 waliletwa Tengeru, karibu na Arusha, wengi wao akina mama na watoto.

Masaibu yao yalianza Februari 1940. Askari wa Stalin, mtawala wa Muungano wa Kisovieti, waliwatoa majumbani mwao mashariki mwa Poland usiku, wakawasafirisha kwa mabehewa ya mizigo hadi Siberia kukata magogo kwa baridi na njaa. Ujerumani ilipomvamia Stalin mwaka 1941, akawaachia. Wanaume wakaingia jeshini kupigana chini ya Waingereza. Familia zikavuka Bahari ya Kaspi hadi Iran, kisha zikaletwa Afrika Mashariki kwa meli.

Tengeru waliishi kwenye vibanda vya msonge, wakalima, wakajenga shule, kanisa na sinagogi. Walihesabu kwamba vita vikiisha watarudi.

Vilipoisha, mambo yakawa mabaya zaidi. Kabla havijaisha, kwenye mkutano wa Yalta, Februari 1945, Roosevelt wa Marekani na Churchill wa Uingereza walikuwa wamekubali sehemu ya mashariki ya Poland ichukuliwe na Stalin. Kurudi kijijini sasa kulikuwa kujipeleka mikononi mwa walewale waliowahamisha. Mimi naliona hili kuwa chungu kuliko njaa ya Siberia, maana waliotia saini walikuwa marafiki, na wanaume wa familia hizo walikuwa wamewapigania.

Ikabaki kusubiri kuchaguliwa na nchi za kuwapokea. Mwenye mume au mwana aliyepigana chini ya Waingereza alipata nafasi ya kwenda Uingereza. Australia na Kanada zilitaka watu wenye nguvu za kufanya kazi. Mjane mwenye watoto wadogo, mzee na mgonjwa wakawekwa kando. Mwaka 1949 yatima zaidi ya 100 waliondoka Tengeru na Padri Lucjan Królikowski kwenda Kanada kupitia Italia, huku serikali mpya ya Poland ikidai warudishwe.

Kambi ya Tengeru ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1950. Wachache walibaki Tanganyika, na makaburi ya Wapolandi yapo hapo hadi leo. Waliofika Uingereza wengi walipokelewa kwenye mabanda ya bati ya kambi za jeshi zilizoachwa, wakakaa humo miaka mingine. Mtoto aliyehamishwa akiwa na miaka 10 alikuwa amepita 20 kabla ya kupata nyumba ya kwao.